Jibu Lililochelewa: Injini Isiyo na Mapanga

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi nina deni ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu nikiwa kidato cha pili, na kwa hisani yenu naomba kulilipa katika kurasa hizi, hata kama malipo yamechelewa na riba imeongezeka.

Wale mliohudhuria mdahalo wa Chama cha Kiswahili Ijumaa ile ya mvua mtakumbuka hoja iliyokuwa mbele yetu, kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na ngonjera wala hakiwezi kubeba fizikia. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilianza vizuri, jamani, msinicheke. Nilitaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nilitaja kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1990. Makofi yakapigwa. Kisha akasimama dada mmoja wa kidato cha nne, bingwa wa fizikia, akarekebisha tai yake polepole na kusema: "Mheshimiwa mwenyekiti, mwenzangu ametutajia kamusi. Kamusi si ugali, haishibishi. Nina ombi dogo tu. Kuna injini ya ndege iitwayo ramjeti. Ni bomba lililo wazi mbele na nyuma, ndani hamna feni wala kitu chochote kinachozunguka. Atueleze kwa Kiswahili inavyofanya kazi, na atuambie kwa nini moto hautokei mbele ilhali mbele kuko wazi. Nampa dakika tano."

Dakika tano! Nilitumia kama nusu dakika kusema "ee... hewa inaingia... halafu..." nikanyamaza ji! Upande wangu ulishindwa siku hiyo, na nilipokuwa nikirudi bwenini nilisikia watu wakiniita "Bwana Hewa Inaingia". Jina hilo lilinifuata hadi kwenye foleni ya chakula.

Lakini wacha niseme ukweli ambao sikuusema siku hiyo. Wengi walidhani nilikwama kwa sababu Kiswahili kiliniishia. La hasha! Hata kwa Kiingereza ningekwama. Nilikuwa na mistari minne niliyoikariri kutoka kitabu cha maktaba, na ningeulizwa kwa Kiingereza ningeikariri yote bila kukosea nukta, mwalimu angenipa alama zangu, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba sielewi lolote. Kiswahili hakikunishinda. Kiswahili kilinivua nguo. Ndiyo maana nikakasirika, tena sana, hata nikaamua kwamba ikifika siku ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu nitaiacha fizikia nichukue somo jingine. Fomu nilikuwa nimeshaijaza kwa penseli.

Likizo ya Agosti ikafika, nikaenda kwa nyanya kule Nkubu. Mjomba wangu huendesha pikapu ya miraa kutoka Maua, na wale wanaojua barabara zetu wanajua pikapu za miraa hazisubiri mtu, kwa maana miraa ikinyauka ni hasara. Siku moja akanipa lifti. Dirisha lilikuwa wazi, nikatoa kichwa kidogo nikafungua mdomo ili niseme jambo. Maneno hayakutoka. Hewa iliingia yenyewe, mashavu yakafura kama ya mpiga tarumbeta, na nilipojaribu kupumua nje nikaona hewa ya mle kinywani inanirudisha nyuma. Sikuwa nimevuta pumzi. Hakuna feni iliyopuliza. Ni mwendo wa gari peke yake ulioishindilia hewa kinywani mwangu.

Basi hapo ndipo nilipoanza kulipa deni.

Tufanye hesabu kidogo, msitoroke. Tuseme mjomba alikuwa akienda kilomita 120 kwa saa (mwenyewe ataapa ilikuwa 80). Kwa mwendo huo hewa inayogonga na kusimama huongeza shinikizo ambalo halifiki hata sehemu 1 katika 100 ya shinikizo la hewa ya kawaida ya hapa Meru. Ni kidogo mno, lakini limetosha kunifurisha mashavu. Jambo la ajabu ni jinsi shinikizo hilo linavyopanda mwendo unapopanda. Ukienda kwa nusu ya spidi ya sauti na kuisimamisha hewa taratibu bila kupoteza kitu, shinikizo lake linakuwa mara 1.2 hivi ya lile la hewa ya nje. Ukifikia spidi ya sauti yenyewe, linakuwa mara 1.9. Mara mbili ya spidi ya sauti, karibu mara 8. Mara tatu ya spidi ya sauti, zaidi ya mara 36! Na hewa iliyoshindiliwa hupata joto, kama anavyojua kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Huko juu kilomita 11, ambako baridi hupita nyuzi 50 chini ya sufuri, ndege inayokwenda mara tatu ya spidi ya sauti ikiisimamisha hewa ndani ya bomba, hewa ile inafika nyuzi 330 na ushei. Bado hujawasha kiberiti.

Sasa injini ya jeti ya kawaida hufanya nini? Chukua zile mbili zilizomo ndani ya ndege ya F-5, ndege ambazo Jeshi la Wanahewa la Kenya limezitumia tangu mwisho wa miaka ya 1970, na ambazo ngurumo yake hutufikia kutoka upande wa Nanyuki tukiwa kwenye hesabu za asubuhi. Mbele ina mapanga mengi yanayozunguka kwa kasi na kuishindilia hewa, katikati mafuta yanachomwa, nyuma kuna mapanga mengine ambayo moshi moto huyazungusha ili nayo yazungushe yale ya mbele. Mapanga ya mbele yapo kwa sababu moja tu, kushindilia hewa. Lakini tumekwisha ona kwamba mwendo wenyewe unaweza kushindilia hewa mara 36. Mfaransa mmoja, René Lorin, alilitambua jambo hilo mapema na kuandika juu yake mwaka wa 1913, wakati ambapo ndege zilikuwa za mbao na vitambaa na hakuna iliyokaribia spidi ya sauti hata kwa mbali. Alisema kwa maana: toa mapanga, bakisha bomba. Hiyo ndiyo ramjeti. Hewa inaingia (naam, inaingia!), inashindiliwa kwa mwendo, mafuta yanamwagwa na kuwaka, hewa moto inatoka nyuma kwa kasi kuliko ilivyoingia. Mafuta yenyewe mara nyingi ni ndugu wa mafuta ya taa yale yale ya kandili ya nyanya, ila yamesafishwa zaidi.

Nilipomweleza nyanya haya, kwa Kimeru kilichochanganyika na Kiswahili, alisikiliza huku akichochea makaa, kisha akaniuliza swali moja: "Na mara ya kwanza inasukumwa na nani?"

Mwalimu, hilo ndilo swali! Bomba likisimama halishindilii kitu. Ukiwasha mafuta ndani ya ramjeti iliyoegeshwa utapata moto wa kuchomea mahindi tu. Ni lazima kwanza ibebwe na kingine. Mfaransa mwingine, René Leduc, aliunda ndege ya namna hii akaibandika juu ya mgongo wa ndege kubwa, ikabebwa hadi angani, ikaachiliwa, na mwezi wa Aprili 1949 ikaruka kwa nguvu za ramjeti. Waingereza nao walikuwa na kombora liitwalo Bloodhound lenye ramjeti mbili, likisukumwa kwanza na roketi nne za pembeni ambazo zilianguka baada ya sekunde chache. Nyanya alipoyasikia hayo alisema injini hiyo ni kama mwanafunzi asiyeamka mpaka apigiwe kengele. Sikuuliza alikuwa akimsema nani.

Hapa mtu atauliza, kwa nini basi wasitumie roketi moja kwa moja? Sisi Wakenya roketi tunazijua. Pale baharini karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco ambalo lilirusha roketi za kupeleka setilaiti kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu. Lakini roketi hubeba mafuta na pia hubeba kile cha kuunguzia mafuta. Ni kama msafiri anayetoka Meru kwenda Isiolo amejitwika mtungi wa maji kichwani. Ramjeti hainunui maji wala haiyabebi, inayanywa njiani. Kwa hiyo kwa uzito ule ule inaweza kwenda mbali zaidi, mradi njiani kuwe na hewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, na ndipo ninapotofautiana na dada yule hata leo. Yeye alisema ramjeti ni "bomba tu". Wengi husema hivyo, hata vitabu husema ni injini nyepesi kuliko zote. Mimi nasema hapana. Kazi yote iliyokuwa ya mapanga haikutoweka, imehamia mlangoni. Mlango wa hewa ndio injini. Moto ule wa nyuma unaotupendeza machoni ni sehemu rahisi, hata jiko la makaa linaujua. Mlango ndio unaowanyima wahandisi usingizi.

Kwa nini? Kwa sababu ya hodi. Unapotembea kuelekea nyumba ya mtu, unapiga hodi na mwenye nyumba anajitayarisha. Ndege inayokwenda chini ya spidi ya sauti hupiga hodi vivyo hivyo. Mshindo wake mdogo mdogo hutangulia mbele kwa spidi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde huku chini na kama 295 kule juu, na hewa iliyo mbele hupata habari na kuanza kujipanga ipishe. Lakini ndege inayozidi spidi ya sauti huifikia hewa kabla ya hodi yake. Hewa imeketi haina habari, mara ghafla mgeni yumo ndani! Haina wakati wa kujipanga, kwa hiyo inajikunja yote kwa pamoja mahali pamoja pembamba kuliko karatasi. Hilo ndilo liitwalo wimbi la mshtuko, na jina limestahili.

Wimbi la mshtuko lina ubaya na uzuri. Uzuri wake ni kwamba linaipunguzia hewa mwendo na kuishindilia bure. Ubaya wake ni kwamba ukiiacha hewa igonge wimbi lililosimama wima kama ukuta, sehemu kubwa ya lile shinikizo tulilotarajia hupotea na kubaki joto lisilo na faida. Nimekaa na majedwali nikakokotoa. Kwa mwendo wa mara mbili ya spidi ya sauti, ukuta mmoja ulio wima unakuachia kama 72 katika kila 100. Kwa mwendo wa mara tatu, unakuachia 33 tu. Theluthi mbili zimekwenda! Umechoma mafuta kujisukuma, halafu mlangoni unaibiwa.

Dawa yake ni kutoigongesha hewa mara moja. Fikiria umepanda mparachichi na unataka kushuka. Ukiruka kutoka kileleni utafika chini, bila shaka, lakini mguu utavunjika. Ukishuka tawi kwa tawi utafika chini pale pale na mguu wako mzima. Wahandisi huweka mbele ya mlango koni au kabari yenye ncha. Hewa ikifika kwenye ncha haigongi ukuta wima, inakutana na wimbi lililolala kwa mshazari, ambalo humpunguzia mwendo kidogo tu na kumgeuza njia kidogo tu. Kisha tawi la pili. Kisha, mwendo ukiwa umekwisha pungua sana, ndipo ukuta wima, ambao sasa ni dhaifu. Nilichukua mfano wa kabari mbili, kila moja ikiikunja hewa kwa nyuzi 15, kwa mwendo ule ule wa mara tatu ya spidi ya sauti. Badala ya 33 nikapata 73. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Mwaustria Klaus Oswatitsch alikuwa ameligundua jambo hili mwaka wa 1944, wala hakuhitaji Meru imhakikishie, lakini mimi nilihitaji.

Siku hiyo, wapendwa, nilichukua kifutio nikafuta ile fomu.

Turudi Nanyuki. Ukitazama picha ya F-5 utaona milango yake miwili ya hewa ubavuni ni midomo ya kawaida, haina koni wala kitu cha kusogea. Je, walioiunda hawakujua habari za matawi? Walijua sana. Mwendo wake wa juu ni kama mara 1.6 ya spidi ya sauti, na kwa mwendo huo ukuta wima unakula 10 hivi tu katika 100. Kwa nini ujitwike uzito wa koni na mitambo yake kwa ajili ya 10? Huo ni uhandisi wa mtu anayejua kupiga bei. Lakini tazama tena picha hiyo. Mdomo haukugandamana na mwili wa ndege, umeachwa na nafasi katikati. Nafasi hiyo si ya urembo. Nenda ukatazame mto Kathita: maji ya katikati yanakimbia na maji ya kando ya ukingo yanajikokota. Hewa iliyo karibu na mwili wa ndege nayo hujikokota hivyo hivyo, na ikiingizwa ndani ya injini huleta fujo. Basi wanaipisha ipite nje.

Majirani zetu wa Uganda walikuwa na MiG-21, baadhi zikaharibiwa pale Entebbe usiku ule wa Julai 1976 makomando wa Israeli walipokuja kuwachukua mateka. MiG-21 ni ya mwendo wa mara mbili ya spidi ya sauti, na kwa hiyo mdomo wake uko puani kabisa na katikati ya mdomo kuna koni. Koni hiyo husogea. Mwendo ukizidi, wimbi la mshazari hulala zaidi na kukaribia koni, kwa hiyo koni husukumwa mbele ili wimbi liendelee kugusa ukingo wa mdomo. Likipita nje ya ukingo, hewa nyingine inamwagika kando bure. Likiingia ndani, linavuruga mambo kooni.

Ndege ya Kimarekani SR-71, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1964 na kuzidi mara tatu ya spidi ya sauti, ilikuwa na koni zilizorudi nyuma kama sentimita 66 mwendo ulipopanda. Mbona ile mbele na hii nyuma? Kwa sababu SR-71 ilifanya sehemu kubwa ya kushindilia ikiwa ndani ya mlango, na koni iliporudi nyuma ilipokea hewa zaidi na papo hapo kulifanya koo kuwa jembamba. Hapa kuna jambo lililonichanganya kwa wiki nzima. Maji ya Kathita yakifika penye nafasi hupunguza mwendo, yakibanwa hukimbia. Hewa iliyo chini ya spidi ya sauti hufanya vivyo hivyo. Lakini hewa iliyozidi spidi ya sauti ni mtoto mkaidi. Ukiibana inapunguza mwendo, ukiipa nafasi inazidi kukimbia! Sababu ni kwamba ikibanwa inashindilika badala ya kuteleza. Kwa hiyo mlango wa namna hii hubana kwanza mpaka kooni, na baada ya ukuta wima, hewa ikiwa sasa imekuwa mtiifu, ndipo hupanuka. SR-71 haikuwa ramjeti tupu, ilikuwa na mapanga pia, lakini kwenye mwendo wake wa juu zaidi ya nusu ya nguvu ya kuisukuma ilitokana na mlango. Sikubuni. Mlango ulisukuma ndege kuliko injini yenyewe.

Sasa swali la dada. Kwa nini moto hautokei mbele?

Fikirini mlango wa bwalo letu saa saba mchana. Wanafunzi wanasukumana kuingia, na walio ndani wanatoka kwa mlango wa nyuma na sahani zao. Mwenye njaa hawezi kurudi kwa mlango wa mbele hata akitaka, kwa sababu umati unaoingia umemkaba. Hewa iliyoshindiliwa mlangoni mwa ramjeti ndiyo umati huo. Moto unapowaka, hewa inatanuka na kutafuta njia. Mbele kumezibwa na shinikizo la hewa inayoingia na lile wimbi wima lililokaa kooni kama bawabu. Nyuma kuko wazi. Inakwenda nyuma. Kilo moja ya hewa iliyoingia kwa mita 600 kwa sekunde, tuseme, inatoka kwa mita 1,000, na ile tofauti ya 400 ndiyo msukumo unaoipeleka ndege mbele.

Lakini dada hakukosea kabisa, na sikuwa na ujasiri wa kukiri siku ile. Moto unaweza kushinda! Ukimwaga mafuta kupita kiasi, shinikizo la ndani linazidi lile ambalo mlango unaweza kuzuia, bawabu anasukumwa hadi nje ya mlango, na hewa inamwagika kando kama wanafunzi wanavyomwagika nje ya bwalo chakula kikichelewa. Injini inatetema, inanguruma, inaweza kuzimika. Marubani wa SR-71 walilijua jambo hilo vizuri. Bawabu akitoka upande mmoja tu, ndege ilipinda ghafla kiasi cha kugongesha kofia ya rubani kwenye kioo. Kwa hiyo bawabu akae wapi? Akiwa nje sana, fujo. Akiwa ndani sana, anapoteza shinikizo. Anatakiwa akae ndani kidogo tu ya koo, na mafuta, koni na mwendo vyote vimtunze hapo. Hiyo ndiyo "bomba tu".

Na moto wenyewe haupeperushwi? Hewa ya ndani hata baada ya kupunguzwa bado inapita kwa kasi ya kuzima mshumaa elfu. Dawa yake nyanya anayo, ni kioo cha kandili. Ndani ya ramjeti huwekwa vyuma vidogo vyenye umbo kama la herufi V, na nyuma yake hewa huzunguka polepole. Ni kama jani linavyozunguka bila kwenda popote nyuma ya jiwe la mtoni. Moto hujificha hapo na kuwashia wengine wanaopita.

Kuna mpaka, bila shaka. Ukizidi mara tano hivi ya spidi ya sauti, kuisimamisha hewa kunaipasha joto kupita kiasi, na mafuta hayana la kuongeza. Hapo wahandisi huacha kuisimamisha, wakachoma mafuta hewa ikiwa bado imezidi spidi ya sauti. Chombo kisicho na rubani cha Wamarekani, X-43A, kilifanya hivyo Novemba 2004 kwa karibu mara kumi ya spidi ya sauti, injini ikiwaka kwa sekunde kama kumi tu. Hayo ni ya siku nyingine.

Najua baadhi ya walimu watasema, "Vizuri kijana, lakini mtihani ni kwa Kiingereza." Ni kweli, na mimi siombi karatasi ya fizikia ibadilishwe kesho. Pia nakiri kwamba majedwali niliyotumia yalikuwa ya Kiingereza na kwamba neno ramjeti lenyewe tumeliazima. Ninachosema ni hiki. Katika darasa letu tuko wengi tunaojua maneno tusiyoyaelewa, na Kiingereza kimetuficha vizuri. Mtu akilazimika kusema "hodi", "bawabu" na "koo", hana mahali pa kujificha, ama anajua ama hajui. Kwa hiyo napendekeza kwa kamati ya chama kwamba badala ya kurasa zote za toleo lijalo kujaa ngonjera za kuaga kidato cha nne (ambazo nazipenda, msinielewe vibaya), kurasa mbili zitengwe kwa wanafunzi wa sayansi, kila mmoja aeleze jambo moja kwa Kiswahili cha kueleweka na mpishi wetu wa bwalo. Na mwandishi asomewe mpishi kwanza kabla mhariri hajapokea.

Dada yule amekwisha maliza shule. Nilimtumia nakala ya makala haya kupitia kwa nduguye. Alijibu kwamba nimezidisha dakika tano kwa mbali, na kwamba vile vyuma vya umbo la V sikuvipa jina. Kwa hilo amenipata. Nimejaribu "kihifadhi moto", sikulipenda. Nimejaribu "kinga ya moto", linafanana na mtungi mwekundu ulioko ukutani mwa maabara. Aliye na neno zuri alitie katika sanduku la chama kando ya mlango wa maktaba kabla muhula haujafungwa.